Jina Lako Halitoki Kwenye Pakiti

Somoe, binamu yangu,

Najua ungeuliza kwanza: tangu lini Bakari anaandika barua, mtu ambaye mwandiko wake mwenyewe huusoma kwa kubahatisha? Tulia. Binti yako Zuhura ndiye kanipa kalamu. Kasema kama nina maneno nikuandikie wewe, niache kuwachosha wenzio wakiwa kazini.

Siku ya mazishi nilifanya kazi yangu vizuri. Nililala mbele ya jeneza pale mlangoni, nikasema hupiti mpaka nipewe korosho zangu, maana binamu ni mtani, na mtani haki yake haiachi. Nikaiga mwendo wako, kifua mbele, mkono kiunoni. Watu walicheka huku wanalia. Nilipoletewa kiganja cha korosho ndipo nikakupisha. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia mpaka kamasi. Hilo usimwambie mtu huko.

Sasa habari. Kikundi chako cha kubangua korosho kipo, palepale uani kwako Mtawanya. Lile bati la kuchomea korosho tumelistaafisha. Zuhura aliona kwenye simu mashine ndogo za kukatia maganda, akaziagiza, zikaja kwa meli kutoka huko ng'ambo. Na glavu juu. Somoe, vidole vya mama Rajabu vimetakata! Yale mafuta ya ganda yaliyokuwa yanawababua, mpaka mkienda harusini mnaficha mikono ndani ya khanga, basi tena. Nilikasirika. Kwa nini hazikuja wewe ukiwa hai? Kwa hiyo mtu asiniambie dunia ikiingia uani kwetu ni hasara tupu. Vidole nimeviona kwa macho yangu.

Mimi wamenipa kazi ya kuzoa maganda. Mashine niliijaribu, nikapasua kila korosho, na ukucha wangu mmoja ukaenda nazo.

Lakini dunia hiyohiyo ina upande wake mwingine. Dukani mjini nilikuta kopo la korosho lenye maandishi nisiyoyajua. Nikamuuliza muuzaji zimetoka wapi. "Za nje hizo mzee, ndo nzuri." Za nje! Zinapandishwa melini na maganda yake hapa bandarini kwetu, zinakwenda kubanguliwa huko, zinarudi zimevaa kopo, hata salamu hazitupi.

Ndipo akatokea tajiri mmoja wa ng'ambo kwenye simu ya Zuhura. Atachukua korosho zetu zote, msimu huu na unaofuata. Vigelegele! Halafu likaja sharti: tupeleke kwenye mifuko mitupu, pakiti atachapa yeye kwa jina lake. "Somoe wa Mtawanya", jina tunaloandika kwenye pakiti zetu, halitaki. Huko kwao, alisema, watu hawamjui Somoe.

Nikaruka juu. Zuhura akanitazama kwa yale macho yako. "Mjomba, mama alibangua ili tule. Hakubangua ili aandikwe."

Nikarudi kuzoa maganda yangu bila kubisha. Mimi! Laiti ungeniona, ungenisimanga mwaka mzima.

Nikaomba niongee na tajiri mwenyewe. Akatokea kwenye simu, mtu wa heshima, tai shingoni. Kosa langu, binamu, nikamfanyia utani kama mtu wa nyumbani. Nikamwambia ana uso wa korosho mbichi, na kwetu anayetaka binti hutuma mshenga, hamchukui kwa mlango wa nyuma akambadilisha jina la mama yake. Nilitegemea naye anirudishie, tucheke, tuelewane. Zuhura kwa hasira akafasiri yote, hakuacha hata lile la uso wa korosho. Yule bwana akaganda. Nilidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao. Akaaga kwa adabu, akakata.

Nilitamani nijifunike na yale maganda.

Mama Rajabu akavua glavu. Vidole vimetakata, lakini makovu yako palepale. Akasema, "Mikono hii imeungua pamoja na ya Somoe. Kama hawamjui, si wamjue? Sisi majina yao tumeyajulia wapi, si kwenye makopo yao?" Mmoja akasema kweli. Mwingine akasema kweli. Zuhura alilia kwanza, kisha akamwandikia tajiri: korosho tunazo, nzima na safi, na zinakwenda na jina la Somoe au haziendi.

Mpaka leo hajajibu. Sikufichi, inauma. Bati la nyumba yako bado linavuja, na mvua ndizo hizo. Tunauza wenyewe kwa simu hiyohiyo: kidogo Dar, kidogo kwa mama mmoja wa Komoro ambaye kila akiagiza anauliza, "Somoe hajambo?" Hatujajua tumwambieje.

Tajiri akirudi, karibu, chai ipo. Asiporudi, dunia ni kubwa; si wao wenyewe ndio waliotuambia?

Basi lala, mtani wangu, Mola akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi hili: hata tukibaki na pakiti moja ya kuuza, itasema ni ya nani na imetoka wapi, na anayetaka kulifuta jina hilo atanikuta nimelala mlangoni.

Asubuhi hii Zuhura kaleta lebo mpya kutoka kwa mchapaji. Nimezitazama mara mbili nisiamini. Hakuniambia, wala hakumwambia mtu: herufi za jina lako kaziongeza ukubwa.

Mtani wako,
Bakari