Karburateri mbili ya Kombi

Siku ya tano ya fujo, magaribi.

Hapana, sitasema Kombi yangu imekufa. Ndugu yangu Kalenga njo alinishauri vile, juu bavijana banasema mwenye kubeba bantu ya Kasai, bale banafukuza hapa Katanga, motokari yake itachomwa.

Lakini Mama Ngalula, jirani yangu Mukasai, njo alizalisha batoto yangu bote. Ningemuacha namna gani?

Ku zile karburateri mbili za Kombi, moja ilikuwa nakunywa esanse, petroli, kupita ingine, motere inakata kila tukisimama. Kalenga alisema tutoshe zote mbili, turudishe ile moja ya zamani. Nilikataa: na ile moja, Kombi yenye kujaa haipandi kilima. Nilitia tuyo ya mupira ku sikio, nikasikiliza mupepo inaingia huku na kule, nikazungusha visi, skrubu zake, polepole mpaka zote mbili zikapumua sawasawa.

Nikapandisha Mama Ngalula. Ku bariere, kwenye bavijana baliziba njia na muti, kijana moja alitia kichwa ku dirisha.

«Unabeba nani, mama?»

«Dada yangu.»

«Huyu ni Mukasai.»

«Nimesema ni dada yangu.»

Motere iliendelea kunguruma pale pale, bila kukata. Kijana akaangalia, akainua muti, tukapita.

Ku gare, kwenye treni ya kwenda Kasai, Mama Ngalula alinikumbatia, akabeba mizigo yake.

Kalenga alikuwa nangojea ku mulango ya nyumba yangu. «Kesho bale bavijana batakuja kukuuliza.»

Niko naogopa, sitajidanganya. Lakini nilimujibu: «Bakuje. Weye nitafutie esanse. Mwalimu wa batoto na bibi yake, nabo Bakasai, bangali kwabo, na kesho niko nabapeleka ku gare.»