Kifaransa cha Mama Mkwe

Jumanne, 5 Agosti 2025

Binti yangu Nakhungu amepiga simu kutoka Kigali anakofanya kazi. Amepata mchumba. Mtogo, anaitwa Kossi, na wakioana watahamia kwao Lomé. Wazee watamwona nyumbani Kimilili mwisho wa mwezi. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nakhungu ati atatafsiri. Namjua — kila neno atalitia sukari. Nimeweka app ya Kifaransa kwenye simu. Oui ni ndiyo. Non ni hapana. Leo yatosha.

Ijumaa, 8 Agosti

Shule zimefungwa, oda za sweta ni nyingi. Mkono uko kwenye mashine ya kufuma, sikio liko kwa Kifaransa. Jepchumba, tunayegawana naye kibanda hapa Kitale, ananicheka. Kwani naenda Paris? Kisha akauliza la maana: nitaongea na huyo kijana aje, na sisi Wabukusu mama mkwe na mkwe hawapeani hata mkono, hawakai chumba kimoja? Nikamwambia jikoni kwangu ni mabati. Sauti inapita.

Alhamisi, 14 Agosti

App inanifundisha kuagiza kahawa na kuuliza stesheni iko wapi. Ya nini? Nataka swali moja tu. Akiugua huko, utamleta nyumbani? Dada yangu Nabwile aliolewa mbali. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa. Tulimlaumu sana mume wake. Mpaka leo inaniuma.

Jumapili, 24 Agosti

Swali limekaa kichwani. Nimelirudia kanisani wakati wa matangazo, midomo tu. Shida ni majibu — wale wa kwenye simu wanaongea kama wanaokimbizwa. Jana Jepchumba alijifanya Kossi, akanijibu kwa Kikalenjin. Tulicheka mpaka mteja akaondoka.

Jumamosi, 30 Agosti. Kimilili

Niko jikoni na Nakhungu. Kuku yuko motoni. Wazee wako sebuleni na mgeni, shemeji yangu Jairus anaongoza mazungumzo; wakikwama wanamwita Nakhungu akatafsiri. Namsikia akicheka, basi mambo si mabaya. Kossi nimemwona mgongo tu. Mrefu.

Baadaye kidogo —

Alitoka kupunga hewa. Kumbe Nakhungu alimfundisha: akasimama kando ya ukuta wa jikoni, uso akaugeuzia migomba. Akanisalimu kwa Kibukusu: "Mulembe, mama." Nikaona ni sasa au basi. Nikauliza swali langu lote kupitia mabati. Nakhungu akaacha kusonga ugali. Ati mama, umejifunza lini?

Kossi akajibu oui. Hakusita. Nilifurahi, kusema kweli, machozi yalinilenga.

Halafu naye akauliza. Polepole, neno kwa neno, kama anayemsemesha mtoto. Na wewe, mama, akiugua, utakuja kukaa kwetu umuuguze?

Nimeelewa yote. Bila Nakhungu.

Kwetu mama halali kwa mkwe wake. Haijawahi kutokea. Mama yetu hakukanyaga kwa Nabwile hata siku moja, na hakuna aliyemlaumu.

Nimeshika kalamu badala ya kujibu. Ugali unaungua. Nakhungu ananitazama, mwiko mkononi. Kossi bado amesimama pale nje, ameipa nyumba mgongo. Na oui ndilo neno la kwanza nililojifunza.