Dirisha la Kona

Jumanne, 8 Julai 2025

Method karudi kutoka semina ya mafundi Mwanza. Muda wote huo niko peke yangu na Milembe anayeota meno. Na neno la kwanza mlangoni si hujambo mke wangu — ni Injinia Violeth kasema! Kasema nyumba huanza kupasukia konani. Kawaonyesha maghorofa ya Japani yanayumba na hayaanguki, na sunami inavyozoa nyumba zisizofungwa vizuri. Na Bukoba, kuta zilivyolala mwaka ule wa tetemeko. Nikamuuliza, hapa Bariadi ardhi inatikisika lini, labda lori la pamba likipita? Akacheka. Si kile kicheko anachonichekea mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Kumbe dirisha! La chumbani kwenye nyumba tunayojenga, la kona, nililomchorea kwa kijiti nikiwa na mimba. Eti lisogee katikati ya ukuta. Nani kasema? Nisiulize. Mwanamke hata kwangu hajafika — natumaini — ananipangia pa kupitishia upepo.

“Ni usalama, mama Mile.”

Usalama wa nani?

Jumapili, 13 Julai

Kanisani hakwenda. Kashinda uani anakunja ringi za nondo, ncha ziingie ndani, zisifunguke nguzo ikitikiswa. Anazishika kwa upole! Mgongo wangu unauma tangu nijifungue, haujashikwa. Jirani yangu Scola kachungulia: “Shoga, mumeo kapata shule au kapata mwalimu?” Nikacheka naye. Mboga ikaungua.

Jumatano, 16 Julai

Method yuko Ngulyati, wanajenga darasa. Msimamizi ni Violeth huyo huyo. Na mume wangu kanyoa ndevu.

Nikaenda kwenye boma letu. Nikamwambia Malimi, fundi mwenzake Method: dirisha lirudi kona. Akajikuna. “Shemeji, bosi anajua?” Bosi wa chumba hicho ni mimi. Kajenga.

Ijumaa, 18 Julai

Kaja! Method kamleta na pikipiki aangalie kazi. Nilitegemea mrefu, mwenye wigi. Mfupi, viatu vumbi tupu, nywele hazijasukwa. “Mwadila, mayu,” kanisalimia. Na Kisukuma anacho! Milembe analia, kambeba bila kuniomba — mtoto kanyamaza. Msaliti mdogo.

Kafika konani. “Nani kaweka hili hapa?”

Malimi akatazama viatu vyake. Method akanitazama mimi. Nikasema mimi. Nyumba yangu.

Hakubisha. Kauliza tu: “Huyu atalala upande gani?”

Nikaonyesha. Chini ya dirisha.

Method akasema, haya, wewe ndiye uliyeamuru, sema basi: Malimi azibe au aache?

Nikamchukua mwanangu. Nikawaambia nanyonyesha kwanza, wasubiri. Niko nyuma ya ukuta, naandika kwa mkono mmoja. Ukuta nimeugusa. Saruji bado mbichi, kuubomoa si kazi. Nilishafungua mdomo nimwite Malimi azibe — halafu nikasikia wanacheka kule. Wawili tu. Malimi simsikii.