Kwa Fundi wa Makochi, na Ndama Uliyetuachia

Mwaka umetimia, mwanetu, tangu nyundo yako inyamaze. Mama yako akisikia mtu anagongelea msumari kwa jirani, bado hugeuka kuangalia karakana yako.

Ulikuwa fundi wa makochi, mwenye mkono mzuri na mdomo wa utani. Mteja akilalamika kwamba kochi ni gumu, ulimwambia, "Mzee wangu, kochi si gumu, wewe ndiye umekonda." Akacheka, nawe ukaongeza sponji.

Mbwa wako, yule ambaye majirani walimwita Ndama kwa ukubwa wake, ulimlea kama kichanga. Hukumpa chakula kwa mkupuo. Ulimgawia kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni, na kile kikavu ulikiloweka kwanza. "Kivimbie kwenye bakuli, Mama, kisimvimbie tumboni," ulisema. Katikati ya bakuli uliweka jiwe kubwa laini, ili ale kwa kulizunguka, asibugie. Akimaliza kula, hakuna kukimbia. Mlikaa mlangoni, wewe unashona, yeye kalaza kichwa miguuni pako.

Mama yako alikuwa akikucheka. "Mbwa ana ratiba ya kula, mwenye mbwa anashinda na chai!"

"Mama, mbwa wa aina hii ana kifua cha ng'ombe na tumbo la mtoto mchanga. Ukimwona anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo limemkaza, usingoje. Mpeleke kwa daktari."

Tumbo lako mwenyewe ulilifanyia masihara. Mama yako alipokukuta umejikunja juu ya meza ya kukatia vitambaa, ulimwambia, "Ni gesi tu, Mama, itapita." Haikupita. Daktari alisema ni kidonda cha tumbo kilichotoboka, na kwamba umechelewa kufika.

Siku ya mazishi yako nyumba ilijaa. Ndama alilala mlangoni pa karakana, na kila aliyepita alimwonea huruma. Shangazi yako alimwekea wali. Binamu zako wakamtupia mafuta ya nyama na mifupa. Jirani akaleta maziwa. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyemkumbuka. Kisha watoto wakamkimbiza uani, eti wamchangamshe.

Kufika jioni hakutulia. Analala, anainuka. Anajikamua kama anayetapika, linatoka povu tu.

"Mwacheni," shangazi yako akasema, "anamlilia bwana wake. Huzuni hiyo, itapita."

Neno hilo ndilo lililomwinua mama yako pale alipokuwa ameketi. Alimpapasa Ndama ubavuni, akakuta tumbo limekaza kama ngoma. Akamwambia mjomba wako alete pikapu.

"Dada, unaacha watu msibani kwa sababu ya mbwa?"

"Watu wana midomo, watajisemea. Huyu hana. Shika huko nyuma tumbebe!"

Daktari wa mifugo alisema tumbo limejaa hewa, tena limejipindua. Akampasua hapohapo. Mama yako alikaa kwenye benchi la nje akilia, na kama alikuwa anamlilia mwana au mbwa, mwenyewe hakujua. Daktari alipotoka, mama yako alimuuliza neno moja tu.

"Nimewahi?"

"Umewahi, mama."

Kwa upande wako, jibu hilo hakulipata.

Ndama ni mzima. Siku hizi baba yako ndiye anayemlowekea chakula, huku akinung'unika kwamba yeye mwenyewe tangu aoe hajawahi kulowekewa kitu. Kikibadilishwa chakula, anakichanganya kidogo kidogo na kile cha zamani kama ulivyokuwa ukifanya, asije mbwa akaharisha. Mama yako naye huwapigia simu wadogo zako: "Umekula? Tumbo je?" Wanamcheka. Acha wacheke.

Jumamosi ndugu na majirani watakuja nyumbani kukukumbuka. Nanyi mtakaokuja, karibuni sana. Ila tunawaomba, Ndama msimpe chochote, hata akiwatazama kwa yale macho yake ya kuombaomba. Huruma yenu nusura imuue. Mwenye kitu cha kumpa amkabidhi baba. Na wenye mbwa wakubwa kama yeye, msiwashibishe kwa mara moja, wala msiwakimbize wakishakula. Na yeyote ambaye tumbo linamsumbua, tafadhali, asimfiche mama yake. Aseme, na aende hospitali akapimwe. Akiambiwa ni gesi tu, si tutashukuru?

Unakumbukwa na baba yako, mama yako, wadogo zako wote wawili, mjomba wako mwenye pikapu, binamu zako, na shangazi yako, ambaye siku hizi akija kumsalimia Ndama huja mikono mitupu, na anahakikisha mama yako ameiona.

Hutatutoka moyoni, Fundi wetu, maisha yetu yote.