Goti la Mtu Mwingine

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimefika Mbinga. Baridi imenipokea kabla ya mama.

Timu yangu ya sita huko Marekani imeniaga mwezi uliopita, kwa heshima kubwa, lazima nikiri. Meneja alinishika mkono, akanishukuru kwa mchango wangu na kuniita Roy. Mimi ni Raimundi, kule wanafupisha wanasema Ray. Roy ni mpishi wao. Natumaini naye ameagwa vizuri.

Mama hakuuliza kitu. Aliniangalia kuanzia juu hadi chini, safari ndefu, akasema nimekonda. Nina kilo mia moja thelathini na tano. Akaenda kupika ugali wa watu wanne, tukala wawili.

Kitanda changu cha enzi za seminari bado kipo. Miguu inatoka nje kuanzia magotini. Nimelala hivyo mchana huu, nikatazama bati na kuipitia kazi yangu tukufu. Padri mmoja alinitafutia shule Marekani nikacheze kikapu, kwa sababu ya urefu. Kocha wa kule aliniona ninavyoruka, akacheka, akanionyesha uwanja wa pili — ule wa mpira wenye umbo la papai, ambako hakuna anayekudai uruke. Kazi yenyewe: simama mbele ya mwanaume aliye sawa na friji, msukume, mpite, mwangushe yule aliyeko nyuma yake kabla hajarusha mpira. Basi. Nimelipwa kwa hilo miaka tisa. Timu sita! Wenye majina wanakaa timu moja mpaka wanajengewa sanamu. Mimi ni spea tairi. Nafungwa nyuma ya gari, nasubiri pancha.

Alhamisi, 17 Julai

Mwalimu Lusekelo amekuja kunichukua. Ni mwalimu wa michezo pale sekondari, mtu wa Tukuyu, serikali imemleta huku na yeye amekuja na furaha yake yote. Alitaka niwatie moyo wanafunzi. Alinitambulisha kama mchezaji wa kimataifa. Makofi.

Swali la kwanza, kutoka kwa binti wa kidato cha pili: nimefunga magoli mangapi?

Nikasema hata moja.

Miaka tisa ya kulipwa, hata moja. Niliona heshima inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Lusekelo akaniokoa, akawaambia mimi ni beki. Ahaa! Beki asiye na goli Mbinga anaeleweka. Wakanisamehe.

Halafu Lusekelo akasisitiza nimwonyeshe ninavyosukuma, nimsukume yeye mwenyewe, mbele ya shule nzima. Nilikataa. Akasema nisiwe na wasiwasi, alikuwa askari wa JKT. Nilimgusa tu, kwa viganja. Akaenda kukaa kwenye maharage ya shule. Aliinuka, akajipangusa, akawatangazia kwamba sasa ameuelewa mchezo wenyewe vizuri. Nampenda mtu huyu.

Jumamosi, 19 Julai

Sala ya jumuiya asubuhi, kwa Mzee Xaveri, mwenyekiti wetu. Nilipewa kiti cha mbao, nikachagua kusimama. Viti vya watu nimeshavunja vya kutosha.

Wakati wa maombi mama alisimama na nia yake. "Tumwombee mwanangu Raimundi, apate tena nafasi kazini kwake." Wote kwa sauti moja: Ee Bwana, twakuomba utusikie. Mzee Xaveri akaongeza la kwake, kwamba Mungu aifungue hiyo nafasi upesi. Twakuomba utusikie.

Kwa hiyo imeshapelekwa juu. Watu thelathini, pamoja na watoto na mama mmoja mwenye kikohozi, wameomba nafasi ifunguke upesi. Ningeweza kuwaambia nafasi hufunguliwa na nini. Nikaona niitikie tu amina na kunywa chai.

Jumatano, 23 Julai

Kambi za timu kule Marekani zimefunguliwa. Mwaka wa kwanza nipo nyumbani siku kama hii, nachuma kahawa. Mama ananipa matawi ya juu. Hatimaye urefu wangu una faida.

Wakala wangu wa kule amepiga jioni, kwake asubuhi. Ana sauti ya mtu anayeuza magari yaliyopata ajali. Akasema nikae tayari, niendelee na mazoezi, joto la mwaka huu ni kali na viwanja vimekuwa vigumu, kwa hiyo mtu ataumia tu. Alilisema jambo hilo kama mkulima anavyosema mvua iko karibu. Na mimi — niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa — nilifurahi.

Baada yake akapiga Henry. Henry ni wa Louisiana, anacheza nafasi yangu, na kwa timu mbili tulilala chumba kimoja. Timu ya nne ilituacha wote wawili siku ile ile. Tulishuka kwenye lifti pamoja na mabegi yetu, yeye akasema angalau lifti inafanya kazi. Mwaka huu ameitwa na timu nyingine, yupo kambini. Alinionyesha chakula chake kwenye simu, sahani baada ya sahani, kama mtu anayeonyesha mahari. Akalalamika kuhusu jua. Nikamwonyesha mama akiwa katikati ya kahawa, amevaa sweta mbili. Akapunga mkono, mama naye akapunga. Mama akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni rafiki yangu, yeye alibahatika.

Ijumaa, 1 Agosti

Mbamba Bay, tangu jana. Tumeshuka na mama kumwona dada yangu Notburga, muuguzi hapa, na kununua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Huko juu tulikuwa tunatetemeka, huku chini natiririka jasho nikiwa nimekaa. Mwili mkubwa hauna hali ya hewa inayoufaa.

Asubuhi nilifanya mazoezi ufukweni. Mbio fupi fupi, kuanzia nimeinama, mkono mmoja chini. Wanaoanika usipa waliacha kazi. Bibi mmoja aliuliza kwa heshima kabisa ni nani ananifukuza. Nikamwamkia, shikamoo, nikamwambia hakuna, bibi. Akasema basi pumzika, mwanangu.

Nikapumzika, kwa kuwa goti la kulia lilikuwa limeshavimba. Notburga alinikalisha barazani, akalibonyeza kila upande. Nikampa mizaha yangu yote, hakucheka hata mmoja. Alisema ndani ya hili goti kuna mawe. Nikasema hayo ni marumaru, goti la thamani. Akaendelea kubonyeza.

Mama alikuwa pembeni anachambua usipa. Bila kuinua kichwa akauliza kitu ambacho kwa miaka tisa hajawahi kuuliza.

"Hiyo nafasi tunayokuombea, huwa inapatikanaje?"

Nilitafuta namna ya kuizungusha. Notburga akanitazama. Nikasema, "Mtu akiumia, mama. Anatolewa, naingia mimi."

"Anaumia nini?"

"Goti. Bega. Shingo. Inategemea."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kisha akasema polepole, kama anajisomea: "Kwa hiyo mimi na jumuiya nzima tumepiga magoti tukaomba mtoto wa mtu avunjike."

Nikamwambia si kuvunjika lazima, kuteguka kunatosha. Ndiyo, nilisema hivyo. Akachukua ungo wake akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

Notburga akanifunga bendeji, akaikaza kweli kweli. Alisema jambo moja tu: kwamba hata mimi nilipokuwa na nafasi, mahali fulani palikuwa na mama anaomba. Nimetafuta jibu la kuchekesha hadi sasa.

Jumamosi, 2 Agosti

Tulipanda mapema kurudi Mbinga ili tuwahi jumuiya. Njia nzima mama hakunisemesha, alimsemesha dereva.

Zamu hii tulikuwa kwa Mama Aurelia. Maombi yalipofika, mama akasimama. Akasema anaomba radhi kwa ombi la juzi, halikuwa limekaa sawa. Leo tuwaombee wachezaji wote walioko kambini Marekani, miguu yao, mabega yao, vichwa vyao, wasiumie hata mmoja.

Wachache waliitikia. Wengine wakamtazama Mzee Xaveri. Mzee Xaveri ni mtu wa utaratibu, alikuwa karani wa chama cha ushirika. Akauliza, samahani mama, wasipoumia kijana ataingiaje? Kumbe mzee ameelewa biashara ya mpira wa kulipwa haraka kuliko wakala wangu. Mama akajibu kwamba hilo ni la Mungu kulifikiria. Mzee Xaveri akasema ni vizuri tumpelekee ombi moja linaloeleweka: tunataka apate kazi au hatutaki?

"Tunataka," mama akasema. "Ila si hivyo."

Ikaombwa hivyo hivyo. Nimewaona makocha wakibadili mbinu katikati ya mchezo, lakini hii ni mara ya kwanza ukoo wangu kuhamia upande wa pili mimi nikiwa uwanjani.

Njiani akaniomba majina ya hao vijana, kwa sababu hapendi kuomba kwa jumla jumla. Wako maelfu, mama. Akasema nimpe mmoja. Nikampa Henry.

Alhamisi, 7 Agosti

Kahawa. Goti limepungua. Mama kila jioni anasali rozari kwa ajili ya kisigino, goti na bega la Henry, kwa Kimatengo, ambacho nadhani Henry hajawahi kuombewa nacho. Usiku wa kuamkia Jumapili anacheza mechi ya kwanza ya majaribio. Nikamwandikia kwamba ana mama wa Kitanzania anayemlinda. Akajibu: mwambie asilale!

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa ya kwanza nikawasha simu nje ya kanisa. Picha ya kwanza iliyofunguka ni Henry, amelala kwenye kile kigari cha kubebea majeruhi, ameziba uso kwa taulo.

Mshipa wa nyuma ya kisigino. Umekatika. Hakuna aliyemgusa, alikuwa anapiga hatua tu. Msimu umekwisha kwake, na kwa umri wake pengine na kazi.

Wakala alipiga jioni. Alianza na habari njema, hivyo ndivyo alivyoiita. Timu inataka mtu mzoefu, mara moja, tiketi wanatuma. Akaitaja timu. Ya Henry. Nafasi ya Henry. Huenda hata kabati la nguo ni lile lile. Akasema nina bahati.

Nilimuuliza hali ya Henry. Akauliza Henry yupi.

Nikasema nakuja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia mama shambani. Nilidhani atalia au atagomba. Akauliza nani. Nikamtajia. Akaendelea kuchuma, tawi lile, lililofuata, punje nyekundu kwenye ndoo, na mbichi aliziacha kama kawaida yake. Nikamwambia mtu hawezi kuumizwa na sala, wala kulindwa nayo dhidi ya uwanja mgumu, ni mwili tu. Maneno ya busara sana! Ningeyaamini kama yangesemwa na mtu mwingine.

Mwisho akasema, "Nenda. Ni kazi yako, umeifanya tangu ujana. Lakini mpigie yeye kwanza."

Nimesema nitampigia.

Habari zimeshasambaa. Lusekelo amekuja na wanafunzi kunipongeza, binti yule wa kidato cha pili akanitakia goli. Mzee Xaveri anataka misa ya shukrani kabla sijaondoka. Alinieleza kwa upole kwamba ombi lile la kwanza ndilo lililosikilizwa, la pili labda lilichelewa kufika. Nikamshukuru. Ningefanya nini? Misa ya shukrani kwa kisigino cha Henry, pamoja na kwaya. Mama alikataa hapo hapo. Alisema anaumwa kichwa, na kweli alilala.

Sijampigia.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefunga begi. Nimekimbia hadi njia panda na kurudi, goti kimya, linajua kuna mkataba. Nimeshika simu mara kadhaa. Mtu anasemaje? Pole sana, viatu vyako naweza kuvitumia? Sisi tuna mzaha kwa kila kitu, mimi na Henry: kuachwa, kushonwa, kulipiwa hoteli mbaya. Nimejaribu kutunga mmoja kwa hili. Nilitunga, ulikuwa mzuri. Nikaufuta.

Mama alinipikia ugali wa watu wanne tena. Alikula kidogo. Aliniuliza kama nimeshampigia, nikasema mtandao unasumbua. Simu yake mwenyewe ilikuwa inaita wakati huo huo, Notburga, inasikika vizuri kama kengele ya kanisa.

Jumatano, 13 Agosti

Songea, uwanja wa ndege. Mama amesisitiza kunisindikiza. Amevaa kitenge cha Pasaka. Tumekaa kwenye benchi la nje, mimi nachukua nafasi ya watu watatu, yeye anashika begi langu la mkononi kama vile kuna mtu Songea angethubutu kumpora mwanawe.

Simu imeita. Henry, tena ya video. Amenipigia yeye.

Nikaiacha iite. Mama akatazama kioo cha simu, akamtambua, akaichukua mkononi mwangu. Nilisema mama, hajui Kiswahili. Akaipokea na kuishika karibu sana na uso, kwa hiyo Henry sasa anaona paji la uso na kilemba.

Naandika kwa sababu sijui mikono niipeleke wapi.

Amempa pole. Kwa Kiswahili, halafu kwa Kimatengo kwa usalama. Anamwambia asikanyage huo mguu, aweke juu ya mto, mke wake asimwache afanye kiburi. Anamwambia aliomba, na kwamba hajui kwa nini imekuwa hivi. Henry anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, kwa Kiingereza chake cha Louisiana, bila kuelewa neno hata moja. Sauti yake haina mzaha. Sikujua anayo sauti hiyo.

Wameita abiria wa Dar es Salaam. Watu wanasimama. Nimemwonyesha mama mlango. Ameninyooshea kiganja, nisubiri.

Wameita tena.

Sasa ananigeuzia simu. Kioo kinanitazama. "Nimemaliza ya kwangu," anasema. "Haya."