Betri Imekula Pikapu Yako, Msengi

Msengi, bosi wangu,

Huko uliko najua posta hakuna, lakini mimi niliyevuka Tunduma bila kitambulisho sishindwi kukufikishia karatasi. Hapa Mandewa hakujatulia. Pikapu yako imeliwa.

Tulipokuzika tu, kaka yako Hamisi alichukua ufunguo akauning'iniza shingoni kama hirizi. Akatangaza, "Mali ya marehemu haiguswi mpaka mjane atoke eda." Wazee wakaitikia. Nikamwambia, kaka, tufungue boneti tu tuitoe betri, ile inavuja. Akanijibu, "Utingo, subiri." Na mimi ningeingiaje uani kwa mwanamke aliye katika eda, nivunje boneti? Ningeitwa nani mjini hapa?

Eda imekwisha, boneti ikafunguliwa. Lo! Unga mweupe umeota juu ya betri kama ukungu wa mkate. Tindikali imeteremka, imekula kikalio cha betri, imekula nyaya, imetoboa bodi. Pikapu iliyobeba alizeti za Misigiri yote! Uliyokuwa ukiipangusa kuliko ulivyojipangusa mwenyewe.

Siku hizi za ruksa ya biashara betri zimejaa madukani, rangi zote. Nani anunue, hapo ndipo ugomvi. Hamisi anasema, "Gari lilikuwa uani kwake. Shemeji alipe. Nachukua yule ng'ombe wa maziwa." Ng'ombe ambaye mkeo alipewa na baba yake, Msengi! Anayewanywesha wanao maziwa.

Kwenye kikao nilisema sana, unanijua. Niliwapeleka wazee hadi Lubumbashi na kuwarudisha: kote nilikopita, mwenye ufunguo ndiye mlinzi. Ndipo mkeo akasema toka mlangoni, taratibu, "Wazee wangu, shikamooni. Kama hasara ni yangu, basi na gari ni langu. Shemeji anipe ufunguo, nimpe kamba ya ng'ombe."

Hamisi akashika shingo. Mzee mmoja akakohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Kaka yako akatoka bila kuaga. Kikao kimesogezwa Ijumaa, lakini jana alituma neno kwamba atakuja kumchukua ng'ombe kesho, wazee wapende wasipende.

Sikufichi, naogopa. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, mimi darasa la tano na mdomo. Kwa hiyo leo nimemhamishia mama yangu kwa mkeo. Ameweka kigoda mlangoni pa zizi, anachambua mboga. Hamisi amempigia shikamoo mama yule tangu hajavaa suruali. Nataka nione atakavyoipiga kesho, kisha amvute ng'ombe mbele yake.

Nyaya na kikalio nitatengeneza mimi, gari liende kwa yeyote. Siwezi kuliona bovu, lina mkono wako.

Pumzika, ndugu yangu. Nikiwa hai, wanao hawatakunywa chai ya rangi.

Utingo wako