Mwinuko wa Forodhani

Mombasa, 4 Mfungo Nne 1328

Kwa mama yangu Biubwa, Baleni, Mafia.

Shikamoo mama. Mimi sijambo, hofu yangu ni kwako uliyebaki peke yako tangu alipofariki baba. Nimepata kazi. Mzungu mmoja wa barabara anapima njia zote za mji, ajue mikokoteni ipandie wapi na maji ya mvua yateremkie wapi. Mimi namshikia mti wa kupimia, kisha naandika mwinuko wa kila njia. Nimepanga nyumba juu ya forodha. Njoo mama, tukae pamoja.

Mwanao, Hamdu


Baleni, 10 Mfungo Sita

Marahaba mwanangu. Nyumba haijambo, minazi haijambo. Barua yako kanisomea Mwalimu Muhidini, na hii ananiandikia yeye. Haya, sasa na mlima nao unaandikwa! Anayepanda si anajua mwenyewe kwa pumzi zake? Kwetu hapa ardhi ni kama sinia, nawe waniita nikakwee, umri huu! Sitaki. Kaa na mlima wako, na ule vizuri.

Mama yako, Biubwa


Mombasa, 2 Mfungo Nane

Shikamoo mama. Usinikasirikie. Nimezipitia zile karatasi zetu, njia kwa njia. Kweli, ile yangu ni kali: kila pima mbili inapanda dhiraa nzima. Basi nimehama. Huku inapanda dhiraa moja kwa pima kumi, hutahisi kitu. Umebaki mwinuko mmoja tu, wa kutoka forodhani, nao hauna pa kuukwepea. Tutakwenda polepole. Utakuja?

Mwanao, Hamdu


Baleni, 6 Mfungo Mosi

Marahaba baba. Nimenyamaza mpaka Idi imepita, nisamehe. Usihame tena, maskini. Mlima nilikuwa nausingizia. Miguu yangu imekufa ganzi tangu vuli ya mwaka jana. Hata uani napelekwa na jirani yangu Somoe. Nilikuficha kwa kuwa nakujua, utaacha kazi urudi. Na kubebwa na mahamali kama gunia, watu wananitazama, wallahi sikubali. Nakulilia kila siku mwanangu, lakini niache hapa hapa.

Mama yako, Biubwa


Mombasa, 1 Mfungo Pili

Shikamoo mama. Nimelia mpaka wenzangu wameniuliza kuna msiba gani. Jana nimembeba rafiki yangu Kombo mgongoni, naye ni mnene kukushinda, kutoka forodhani hadi mlangoni kwangu. Watu walitucheka sana. Nimepumzika mara moja tu, pale katikati, kwenye ukali wenyewe. Hamali hatakugusa. Wewe ulinibeba kwa mbeleko kwenda na kurudi shamba, hukuona haya. Nakuja kukuchukua. Mbeleko ile bado ipo?

Mwanao, Hamdu


Baleni, 20 Mfungo Pili

Marahaba baba. Ipo. Panya wametoboa pembe moja, lakini kitambaa bado kizima. Somoe ameifua, iko uani inakauka. Ila pale katikati upumzike, usijitie ushujaa.

Mama yako mzito, Biubwa